Jibu: Mama aache mawese kabisa?

Jambo ndugu. Umeuliza kama mama yako hapo Bukavu, aliyepimwa akakutwa na kolesteroli ya juu, aache mawese na kutumia mafuta ya chupa yaliyoandikwa "bila kolesteroli".

Kwanza soma nyuma ya chupa. Mafuta ya mimea hayana kolesteroli, hata mawese, kwa hiyo maneno hayo ni ya kuuzia tu. Mengi ya chupa ni mawese yaleyale yaliyosafishwa. Asubuhi ya baridi utaona mabonge meupe yameganda chini. Karibu nusu ya mawese ni aina ya mafuta inayopandisha LDL, ile kolesteroli inayoziba mishipa. Alizeti au soya husaidia yakichukua nafasi ya mawese, siyo yakiongezwa juu yake.

Kwetu mama alikataa katakata sombe (majani ya muhogo) bila mawese, na sikumlaumu. Tuliacha kumimina kutoka kwenye bidoni, tukapima kwa kijiko, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, tukazipika kwa nyanya badala ya kuzikaanga. Margarini iliyoandikwa "partiellement hydrogénée" (yaani mafuta yaliyogandishwa kwa kiasi kwa hidrojeni) iache dukani, hiyo ni mbaya kuliko mawese. Na kama amepewa dawa, asiiache bila kumuuliza daktari.