Soko huria na mkulima wa korosho

Umeuliza kama serikali ikiacha soko lijiendeshe lenyewe mkulima mdogo wa korosho ananufaika. Kidogo sana. Cheki Msumbiji miaka ya 90, Benki ya Dunia iliibana serikali ipunguze ushuru wa kupeleka nje korosho ghafi, hoja yao ushuru ukishuka wanunuzi wa India watagombania mzigo na bei ya shambani itapanda. Kwenye karatasi safi kabisa. Ila mwenye miti michache hauzi India bana, anamuuzia mchuuzi anayepita kijijini, huyo anamuuzia mwenye stoo, mwenye stoo ndo anamfikia msafirishaji, kila mkono ukikata chake mkulima anabaki na nini? Wachumi waliopiga hesabu baadaye walikuta faida kwa kaya ya mkulima ni kama dola 5 hivi kwa mwaka. Dola 5! Na korosho ghafi zikienda nje, viwanda vya kubangua vya hukohuko Msumbiji vikafungwa, maelfu wakakosa kazi wakiwemo kina mama wengi.

Sisemi serikali ikishika kila kitu ndo dawa. Tanzania 2018 wanunuzi walileta bei ya chini, serikali ikasema inanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, na wapo waliosubiri hela zao miezi. Mi naona kama huna pa kuhifadhi na ada ya mtoto inadaiwa wiki hii utauza kwa bei yoyote, soko liwe huria au lisiwe, ndo maana kangomba, yaani kumuuzia korosho kwa bei ya kutupa mnunuzi asiye rasmi, haiishi hata wakiipiga marufuku kila msimu.