Swali: Nasoma riwaya za mapenzi ya makabaila, je swala zangu hazikubaliwi?

SWALI: Shekhe, mimi ni mjane mwaka wa pili sasa. Usiku watoto wakilala nasoma kwenye simu riwaya za mapenzi za zamani, za makabaila wa Uingereza, barua za siri, urithi uliofichwa. Ustadhi katuambia darsani riwaya zote ni uongo na msomaji swala zake hazikubaliwi siku 40. Nimelia sana. Halafu kuna mtu anataka tuoane kimyakimya kaka zangu wasijue, anasema mapenzi ya kweli ndo yalivyo hata kwenye hizo hadithi.

JIBU: Wa alaykumu salaam dada yangu, Allah amrehemu mumeo. Swali lako limeninyima usingizi, sio kwa ajili ya riwaya, ni hayo maneno ya mwisho uliyoyataja kama mtu anayepita njia. Ntayafikia.

Kwanza hizo siku 40. Hadithi ipo, kaipokea Imamu Muslim, lakini inamhusu aliyemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo. Mpiga ramli! Sasa inatolewaje huko ikaja kubandikwa kwa mjane anayesoma kitabu? Kumnasibishia Mtume (s.a.w.) asilolisema ni jambo zito mno, na mimi namuomba huyo ndugu yangu arudi darsani alirekebishe mbele ya walewale aliowatisha.

Wengine wanashika aya ya 6 ya Surat Luqman, "lahwal hadith", yaani maneno ya upuuzi, kuharamishia riwaya, wanaikata katikati, wakati aya yenyewe inaendelea kwamba mtu huyo anakusudia kupoteza watu na njia ya Allah. Na uongo ni kumwambia mtu jambo akaamini limetokea kumbe halipo, kwenye riwaya mwandishi anajua na msomaji anajua, kadanganywa nani? Al-Hariri wa Basra aliyefariki 1122 katunga Maqamat zake, visa vya kubuni, na Abu Zayd wake, ayari mwenye ulimi mtamu, na wanazuoni wakazisomesha na kuziandikia sharhe vizazi na vizazi. Bibi Aisha (r.a.) kasimulia habari ndefu ya wanawake 11 walioelezana ya waume zao, ipo Bukhari na Muslim, na Mtume hakumwambia nyamaza. Na Surat Yusuf je? Jumba la mkubwa, bibi aliyezama kwenye mapenzi, milango imefungwa, kanzu imechanwa kwa nyuma, wanawake wa mjini wananong'ona. Ila ona inavyosimuliwa, tamaa inatajwa na mwili hauanikwi. Hicho ndo kipimo chako. Riwaya inayokuingiza chumbani hatua kwa hatua iache, na ile inayokukesheza mpaka swala ya alfajiri ikakupita ifunge mapema, zilizobaki ni mubaha, yaani zinaruhusiwa, zisome bila ya kulia, wallahu aalam.

Sasa huyo mtu. Riwaya zinaipenda ndoa ya siri kwa sababu nyingi zinaishia kwenye harusi, hazikai kuona yanayofuata. Ngoja nikupe ya kweli ya makabaila haohao. Tarehe 15 Desemba 1785 George, mrithi wa ufalme wa Uingereza, alimwoa kwa siri London Maria Fitzherbert, mjane kama wewe. Sheria ya 1772 ilitaka idhini ya mfalme, haikuombwa, ndoa ikawa si kitu kisheria. Mwaka 1787 rafiki wa George akasimama bungeni akasema ndoa hiyo haikuwahi kuwepo, na 1795 George kazidiwa na madeni akamwoa binamu yake Caroline, safari hii hadharani. Alipendwa kweli yule bibi, lakini pendo lile halikumpa mahali pa kusimama.

Mtume kasema hakuna nikahi ila kwa walii, yaani msimamizi wa mwanamke katika ndoa. Na kasema pia mjane ana haki zaidi juu ya nafsi yake kuliko walii wake, kwa hiyo kaka zako hawawezi kukulazimisha mume usiyemtaka, na wakimkataa mtu mwema bila sababu ya sheria nenda kwa kadhi, ana uwezo wa kukuozesha. Njia ipo dada yangu, hujafungiwa. Mwambie mwezi huu huu aje kwa kaka zako mchana, aongozane na mzee wa kwao. Akisema wakati haujafika, muulize anamficha nani, mkewe au wazazi wake, usimuonee haya, una watoto wewe. Kisha niandikie jibu lake neno kwa neno.