Barua kwa mwanangu: uji wa kambini

Mwanangu, juzi kwenye simu umeniuliza kwa nini sie hatukupanda jahazi la Oman na wenzetu baada ya kutolewa kambini mwaka 64. Babu yako alikataa, basi. Ila umenikumbusha yule bwana wa saa.

Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa 12 Januari, na Ramadhani ikaingia wiki ile ile, hata hatujajua tutakaa pale mpaka lini. Wanaume walitengwa mbali, sie wanawake na watoto tumejazwa vyumbani tunalala chini juu ya kanga, bibi yako kafunga na futari haijulikani itatoka wapi. Jua likizama anakuja mmoja katika walinzi, panga kiunoni, mkononi birika la uji wa pilipili manga. Mie nlimjua. Alikuwa akija dukani kwa babu yako kukopa mchele, na ndo huyo huyo alompokonya babu yako saa siku tulotolewa nyumbani, mkanda ukakwama akauvuta mpaka ngozi ya mkono ikachubuka, sie tunatizama. Sasa ananimiminia uji kwenye kifuu ananambia kunywa mwanangu, wa moto huo. Wallahi sijanywa uji mtamu kama ule mpaka leo, na hilo ndo linaloniudhi.

Mie nasema siku zote, mtu mtizame mkono wake umetoa nini. Lakini mkono ule umetoa na umechukua, sasa niutizame upande gani? Bibi yako akisema uji kaupika mkewe, yeye mchukuzi tu. Labda. Ila nani kamlazimisha, mbona wenzake hawakuleta hata maji?

Basi ile miaka ya foleni za mchele, kabla Rais Karume hajauliwa 72, tuko kwenye mstari na babu yako, namuona yule bwana mbele yetu na kikapu chake, saa anayo mkononi. Babu yako akamsalimia, akamuuliza na hali za watoto, saa hakuitaja. Nkamfinya. Akanambia nyamaza, uji ulikunywa wewe.

Mie ningeitaja. Au labda nisingeitaja, sijui, mtu mwema havai saa ya watu miaka yote ile, lakini kumwita mbaya pia mdomo unakuwa mzito. Mtizame mkono, ndo nlivosema.

La jahazi kamuulize mjomba wako, yeye ndo alotaka kwenda, mpaka kifurushi keshafunga.