Maswali ya Wasomaji: Utambi wa Kibatari Unahitaji Shahada?

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mzazi ninayeishi Kongwa. Binti yangu amemaliza kidato cha sita katika mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), na tangu mwalimu wake wa fizikia alipowasimulia habari za wataalamu wanaochunguza jinsi vimiminika vinavyosafiri katika nyuzi nyembamba, hataki kusikia kozi nyingine yoyote. Mjomba wake anamcheka. Anasema utambi wa kibatari umepandisha mafuta tangu enzi za babu zetu na haujawahi kuombewa shahada. Naomba nielezwe bila kufichwa: hiyo ni kazi kweli, na mtu huifanyaje?
*Mzazi, Kongwa*

JIBU: Mzazi mwenzangu, nimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na hadi leo shemeji zangu hapa Dodoma hawajui ninakwenda kufanya nini kila asubuhi, kwa hiyo sitamlaumu mjomba. Isitoshe, mfano aliouchagua kwa kejeli ndio ambao ningeuchagua mimi mwenyewe.

Nyuzi za utambi zinapobanana huacha vinjia vyembamba kati yake, na mafuta, kwa kuwa hushikamana vizuri na pamba, hujivuta kupanda katika vinjia hivyo. Mwingereza James Jurin alieleza mwaka 1718 kwamba kadiri mrija unavyokuwa mwembamba ndivyo kimiminika kinavyopanda juu zaidi. Katika mrija safi wa kioo ambao nusu ya kipenyo chake ni milimita 1, maji hupanda kiasi cha milimita 15. Ukitumia mrija mwembamba mara kumi zaidi, yatafika kiasi cha sentimita 15. Mjomba atasema basi tutengeneze vinjia vyembamba kuliko vyote tumalize maneno. Lakini wembamba uleule unaoongeza kimo ndio unaoua mwendo, kwa sababu ukipunguza upana wa mrija kwa nusu na kuacha msukumo ulivyokuwa, kiasi cha maji kinachopita hupungua mara 16. Anayetaka kimiminika kifike mbali, na kifike mapema, anataka mambo mawili yanayogombana, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita katika kuyapatanisha.

Ugomvi huo binti yako ameushuhudia zahanati, pengine bila kujua. Muuguzi anapodondosha tone la damu kwenye kile kipimo cha haraka cha malaria na kuongeza matone ya dawa, hakuna pampu wala betri inayoisukuma damu hiyo. Inavutwa na matundu madogo sana yaliyomo katika ukanda uliofichwa ndani ya kile kiplastiki. Matundu yakiwa makubwa mno, damu hupita mbio na protini za vimelea hazipati nafasi ya kutambuliwa; yakiwa madogo mno, mgonjwa atasubiri hadi jioni. Zile dakika 15 au 20 anazoambiwa asubiri zilipimwa na watu wa kazi yangu, wakizingatia kanuni ambayo mwanasayansi Lucas aliieleza mwaka 1918 na mwingine, Washburn, mwaka 1921: ikiwa maji yametumia sekunde 10 kupita sentimita ya kwanza, yatafika sentimita ya pili kwenye sekunde ya 40, wala si ya 20.

Kuhusu namna inavyofanywa, nisikudanganye kwamba inapendeza kutazama. Unakata uzi mmoja, ambao kwa pamba unene wake ni kama mikromita 12 hadi 20, yaani mwembamba mara kadhaa kuliko unywele. Unauning'iniza kwenye mizani inayohisi hata pumzi yako, unaugusisha na kimiminika, kisha unatazama namba zikipanda huku kamera iliyofungwa kwenye hadubini ikipiga picha. Halafu unarudia, mara arobaini au hamsini. Nilipokuwa mwanafunzi nilipoteza wiki sita nzima kwa sababu nyuzi zangu zilikataa maji siku moja na kuyapokea siku iliyofuata, na nilikuwa nimekwisha kuandika maelezo marefu ya kitaalamu juu ya tabia hiyo ya ajabu, kabla ya fundi wa maabara, mzee mpole asiye na shahada yoyote, kuniuliza kama nilikuwa nazishika kwa mkono. Yalikuwa mafuta ya vidole vyangu. Tangu siku hiyo hakuna anayeingia maabarani kwangu bila koleo dogo.

Siku nyingine kazi hiyo humpeleka mtu asikotarajia. Katika Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, wataalamu wa nyuzi walishirikiana na wataalamu wa wadudu kuchunguza mrija wa kipepeo, ambao kwa muda mrefu ulielezwa kuwa ni kama ule wa kunywea soda. Waliona kwamba mrija huo, ulioundwa kwa nusu mbili zilizoungana, una mianya midogo kwenye maungio yake inayonyonya unyevu kama utambi unavyofanya, na ndiyo maana kipepeo huweza kunywa hata mahali penye unyevu tu, pasipo na tone la kuonekana. Mjomba naye aambiwe kwamba makala ya kwanza ya kisayansi ya Albert Einstein, iliyotoka mwaka 1901, ilihusu nguvu hizi hizi, ingawa kwa haki niseme kwamba mwenyewe baadaye aliiona haina thamani.

Sasa tuje kwenye mkate. Tangazo la ajira linalotaja "mtafiti wa vimiminika katika nyuzi" hutaliona gazetini. Binti aanze na shahada pana: fizikia au kemia, au uhandisi wa nguo unaofundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha uzamili wa sayansi ya nyenzo, ambayo ni elimu ya vitu ambavyo vifaa vyetu hutengenezwa navyo. Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha inaifundisha. Akiishia hapo, viwanda vya nguo, vya taulo za kike na vya vichujio vya maji vina matumizi naye. Akitaka utafiti wenyewe itambidi asome uzamivu, na ninyi nyumbani mvumilie miaka mingine isiyopungua mitatu.

Kabla hajajaza fomu, mpe jaribio moja. Achukue pamba mbichi ya shambani na pamba ya hospitali, aziweke zote juu ya maji ndani ya bakuli. Moja itaelea na nyingine itazama. Msimwambie kwamba pamba mbichi ina nta ambayo kiwandani huondolewa kwa kuichemsha na magadi makali. Mwacheni ahangaike nayo siku mbili. Akiichoka kabla ya jioni, basi fizikia ina milango mingine mingi mizuri.

SWALI: Nimenyweshea miche ya zabibu kwa kamba ya pamba inayotoka kwenye ndoo hadi shinani. Siku za kwanza ilifanya vizuri, lakini ndoo ikifika nusu udongo hukauka, na baada ya wiki chache kamba imeacha kabisa. Kosa ni langu au la kamba?
*Mkulima, Hombolo*

JIBU: Mmegawana. Maji yakishuka ndani ya ndoo, kamba hulazimika kuyapandisha kimo kirefu zaidi kabla ya kuvuka ukingo, na kila sentimita inayoongezeka hupunguza mwendo. Toboa ndoo karibu na kitako, upitishe kamba hapo na kuibana isivuje. Kuacha kabisa kumesababishwa na jua: kipande cha kamba kilichokuwa wazi kilikausha maji na kubakiza chumvi, ambayo imeziba vinjia, na ukikichunguza utaona weupe wake. Kifunike kwa kipande cha mpira wa maji, na uioshe kamba kila mwezi kwa maji ya mvua, kama umebahatika kuyahifadhi.