Kabla Hujachukua Fremu, Itazame Kwanza Supamaketi

Hapakosi mtu wa kunipigia simu: "Dada, nimepata fremu kwenye plaza mpya, dalali anasema watu wanamiminika pale. Nichukue?" Kabla hata ya kuuliza pango ni kiasi gani, mimi huuliza: hao watu wanafuata nini?

Mimi nauza nguo za watoto kwenye zile plaza za wazi za Dar, maduka yamezunguka maegesho na supamaketi imekaa kichwani. Mama hatoki Goba kwa ajili ya gauni langu. Anatoka kwa ajili ya mchele, mafuta na sabuni, na gauni analiona akirudi kwenye gari. Pango ninalolipa, kwa hiyo, ni bei ya wateja wa mtu mwingine. Siku mtu huyo akifunga, wateja wanapungua na pango linabaki vilevile.

Tazama Mlimani City, lile jengo kubwa la maduka hapa Dar. Ilifunguliwa mwaka 2006 kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mjenzi akiwa Turnstar ya Botswana, na wapangaji wakubwa wakiwa supamaketi ya Shoprite na duka la Game, yote kutoka Afrika Kusini. Mwaka 2014 Shoprite ikaiuzia Nakumatt ya Kenya maduka yake ya Tanzania. Haikupita miaka mingi Nakumatt ikaelemewa na madeni, nayo ikafunga. Mwaka 2021 Massmart, wenye Game, wakatangaza nia ya kujitoa Tanzania na nchi nyingine kadhaa, na Game nayo ikaondoka. Majina yote hayo makubwa yamepita, na Mlimani City bado imesimama, kwa sababu ina mabenki, kampuni za simu, sinema, migahawa, ukumbi wa mikutano na chuo kizima jirani. (Watu wa mikutano, kwa taarifa yako, hununua maji na chipsi. Nguo za watoto hawazigusi.) Plaza ya mtaani kwenu ina nini, supamaketi ikiondoka?

Supamaketi haifi ghafla. Dalili ziko kwenye rafu. Utakuta biskuti za aina moja zimepangwa mstari mrefu, pakiti zote zimevutwa mbele. Peleka mkono nyuma yake, patupu. Maana yake wasambazaji hawajalipwa na wameacha kuleta mzigo. Zunguka nyuma wanakoshushia bidhaa, ongea na madereva. Wale wanajua nani anadaiwa na nani anarudishwa na mzigo wake kwa sababu hundi haijatoka. Watakwambia mapema kuliko meneja yeyote wa jengo.

Kwenye mkataba, omba kipengele kimoja: supamaketi ikifungwa na nafasi yake ikakaa wazi zaidi ya miezi mitatu, pango lishuke, au uruhusiwe kuondoka bila faini. Mwenye jengo atacheka. Mwache acheke, ila kiombe wakati bado ana fremu tupu za kujaza, maana baada ya kusaini huna la kumwambia.

Halafu kuna gharama za huduma: ulinzi, usafi, dizeli ya jenereta. Kuna plaza moja, siitaji, supamaketi ilipofunga gharama hizo zikagawanywa kwa sisi tuliobaki. Jengo nusu tupu, na bili yangu imepanda! Hakikisha imeandikwa kwamba unalipa kwa ukubwa wa fremu yako dhidi ya jengo zima, liwe limejaa au halijajaa. Uliza pia ile kodi ya zuio ya asilimia 10, ile mpangaji anayoikata kwenye pango na kuipeleka serikalini, imo ndani ya pango au inaongezwa juu yake. Na ukitajiwa dola, mkumbushe mwenye jengo kwamba kanuni za Machi 2025 zimekataza bei za humu nchini kutajwa kwa fedha za kigeni.

Plaza ikitangaza awamu ya pili, usikimbilie upande mpya kwa sababu una vigae vinavyong'aa. Uliza geti litahamia wapi, na mabati ya ujenzi yatasimama mbele ya nani.

Mpangaji mkubwa akiondoka, mara nyingi nafasi yake hukatwakatwa, na anayeingia huja na watu wake. Jimu inaleta watu alfajiri na jioni, mfukoni hawana kitu zaidi ya funguo. Kliniki ya watoto, hiyo karibu sana! Duka la samani linaleta watu wachache wanaokaa muda mrefu, na mkahawa wa jirani ndio unaofaidi.

Dalali akikwambia "mkubwa mwingine yuko njiani", mwambie akuonyeshe mkataba uliosainiwa. Kama hana, lipa miezi mitatu mitatu. Akikazania mwaka mzima, fremu Dar hazijaisha.