Herufi M ianzie mdomoni

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmewauliza wasomaji: ni michezo gani inayomsaidia mtoto mdogo kujifunza herufi akiwa na furaha? Mimi ni mwalimu wa chekechea, na swali hili limenigusa. Ushauri wangu ni kuchagua herufi moja, kuanza na sauti yake, na kuiacha penseli isubiri. Nitaeleza kwa herufi M, ambayo naipenda kuliko zote.

Mwambie mtoto afunge midomo na avume: mmmm. Usimtajie “em”. Mpe sauti tupu, maana ndiyo atakayoiunganisha na irabu apate ma, me, mi, mo, mu. Aliyekaririshwa “em” hutaabika kuona “em” na “a” zinavyokuwa “ma”. Akiwa bado anavuma, mwambie ajibane pua kwa vidole viwili. Sauti inakatika papo hapo! Watoto hushangaa, hucheka, na hurudia mpaka pua ziwe nyekundu. Sababu ni kwamba midomo ikifungwa, hewa ya sauti hii hutokea puani. Ukiziba pua, haina pa kupita. Sasa mwambie aseme ssss, abane pua tena. Hii haikatiki. Hapo mtoto amegundua mwenyewe kwamba kila sauti ina mahali pake inapotengenezwa, na hakuna kitabu kilichofunguliwa.

Mchezo ninaoupenda zaidi unaitwa Gusa. Wewe unataja kiungo cha mwili, mtoto anakigusa ikiwa tu jina lake linaanza na mmmm. Mdomo! Anagusa. Mkono! Anagusa. Pua! Anatulia. Mguu, mgongo, mabega, magoti, masikio: Kiswahili kimetujalia mwili uliojaa M, na ni hazina tusiyoitumia vya kutosha. Watoto wakishazoea, ongeza ugumu. Sema “jicho”, kisha “macho”. Sema “jino”, kisha “meno”. Sikio, masikio, goti, magoti. Kimoja hakina M mwanzoni, viwili vinayo, na ni lazima mtoto asikilize mwanzo wa neno kwa makini badala ya kukimbilia kiungo anachokijua. Kusikiliza mwanzo wa neno ndiyo kazi yenyewe ya kujifunza kusoma, nayo hapa inafanyika kwa kurukaruka. Baadaye mpe mtoto zamu ya kutaja, wewe uguse, na mara mojamoja gusa pasipostahili ili akukamate.

Jambo moja ninawaomba wazazi walizingatie. Siku za mwanzo tumieni maneno ambayo M yake imeshikana na irabu: mama, meza, mimi, moto. Halafu yaje yale ambayo M inasimama peke yake kama silabi: mti, mtu, mkono. Pigeni makofi: m-ti, makofi mawili, m-ko-no, matatu. Watoto hufurahi kuona herufi moja ikipata kofi lake. Mbuzi na mbegu ziacheni kwanza, kwa sababu humo M imeungana na B na sikio changa haliitengi kirahisi. Lakini mtoto akiitaja mbuzi mwenyewe, msifu, kwa kuwa yuko sahihi.

Umbo lije baada ya sauti, na liwe kubwa. Mtoto achore M hewani kwa mkono mzima, kisha kwenye mchanga, kisha kwa kidole mgongoni mwa mwenzake, ambaye anabahatisha ni herufi gani. M kubwa ni milima miwili, na kwa bahati njema neno lenyewe linaanza na M, kwa hiyo anayechora anasema: panda mlima, shuka, panda mlima, shuka. Maria Montessori, daktari Mwitaliano aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo mjini Roma mwaka 1907, alikata herufi za msasa na kuzibandika kwenye vibao ili watoto wazifuate kwa vidole huku wakitamka sauti. Kipande cha msasa, gundi na kadi vinatosha kutengeneza yako. Hakikisha kidole kinafuata njia ileile ambayo penseli itapita baadaye, kwa sababu mkono ukizoea kuanzia pasipostahili, kuurudisha ni kazi.

Kuhusu kujaza ukurasa mzima kwa mistari ya m, m, m, msimamo wangu ni kwamba mtoto wa miaka minne haihitaji adhabu hiyo. Dakika chache za mchezo zinatosha. Achia angali anataka kuendelea. Akiandika herufi imegeuka, usishtuke. Wengi hufanya hivyo katika umri huu. Mwonyeshe tena mahali pa kuanzia, basi.

Herufi inayofuata isiwe N. Sauti yake nayo hutoka puani, umbo lake dogo linakaribiana na m, na zikija pamoja zitamchanganya mtoto. Mimi huenda kwenye K: kichwa, kidevu, kifua, kitovu, kiuno, kisigino. Mchezo wa Gusa unaendelea bila kubadilisha kanuni, ila safari hii “kidole” kinaguswa na “vidole” haviguswi.