Maswali ya Wasomaji: Mtoto Aliyerudi Kutoka Kazini Mjini

Barua tulizochagua safari hii zimetoka Mtwara na Lindi, na walioziandika ni watu ambao kazi zao huwakutanisha na watoto kila siku. Wote wanauliza juu ya mafunzo: walichofundishwa, wasichofundishwa, na wanachopaswa kufanya pale mtoto aliyesafirishwa kiharamu anapokuwa amesimama mbele yao. Majina yao tumeyaacha kwa makusudi, kwa sababu kijijini jina la mwalimu linatosha kumtambulisha mwanafunzi.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Newala. Msichana aliyemaliza darasa la saba hapa kwetu alichukuliwa na mama mmoja anayefahamika kijijini, akapelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani kwa makubaliano na wazazi wake. Amerudi kabla mwaka haujaisha, amekonda, hasemi na watu, na mshahara hajawahi kuuona kwa macho yake. Nilihudhuria semina ya siku moja kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu, na nilichotoka nacho ni maelezo ya sheria niliyoyanakili daftarini. Je, hili ndilo kosa tulilofundishwa, na nimwambie nini mtoto huyu?

JIBU: Mwalimu, tuanze na sheria kwa ufupi. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, sawa na Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya kosa hili ambao Tanzania imeuridhia, hutazama kitendo (kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumpokea au kumhifadhi), njia iliyotumika (nguvu, vitisho, udanganyifu au kutumia vibaya unyonge wake) na lengo, yaani kumnyonya. Kwa aliye chini ya umri wa miaka 18 suala la njia halihitaji kuthibitishwa. Hata kama hakutishwa, hata kama yeye mwenyewe aliishangilia safari, na hata kama baba na mama waliridhia, maadamu alichukuliwa ili anyonywe, kosa limetimia. Wala si lazima mpaka wa nchi uvukwe. Safari ya kutoka Newala hadi Dar es Salaam inatosha.

Hata hivyo, si kila binti aliyekwenda kufanya kazi amesafirishwa kiharamu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia umri wa miaka 14, ilimradi isidhuru afya wala masomo, na zipo familia zinazowatunza wasichana wa kazi kwa heshima. Tofauti hujitokeza katika mambo ya kawaida kabisa: mshahara ulikabidhiwa nani, simu yake ilishikwa na nani, aliruhusiwa kutoka mwenyewe kwenda dukani au kwenye ibada, alilala wapi, alipougua nani alimpeleka hospitali, na aliposema anataka kurudi nyumbani alijibiwa nini. Ukisikia kwamba aliambiwa nauli ya basi na nguo alizonunuliwa ni deni, na kwamba hawezi kuondoka kabla ya kulimaliza, hapo umesikia jambo zito kuliko kovu lolote utakaloliona mwilini.

Lakini maswali hayo si yako kuyauliza yote, na hapa ndipo mafunzo mengi yanapopungukiwa. Humpa mwalimu orodha ya dalili, kisha humwacha adhani kwamba amepewa kazi ya upelelezi. Kazi yako ni kumfanya mtoto ajue kwamba yupo mtu mzima mmoja anayeweza kumsikiliza bila kushtuka, halafu kumfikisha kwa wenye dhamana. Mtoto huyu hatakwambia kwamba ametendewa uhalifu. Huenda akamtetea yule mama, kwa kuwa ndiye aliyemnunulia viatu vyake vya kwanza vipya. Huenda akajilaumu kwamba hakuvumilia kama wenzake. Na huenda leo akaeleza hivi, kesho akaeleza vingine. Mtu aliyeishi kwa hofu hakumbuki mambo kwa mpangilio, kwa hiyo masimulizi yanayopishana si ushahidi kwamba anadanganya. Ningependa kila mkufunzi alirudie jambo hili mpaka washiriki wachoke kulisikia, maana wapo watoto waliokosa msaada kwa sababu tu mkubwa mmoja alisema, "Huyu mbona hasemi kitu kimoja?"

Usimwite ofisini ambako walimu wengine wanaingia na kutoka. Kaa naye mahali mnapoonekana na watu lakini hamsikiki, mathalani chini ya mkorosho ulio pembeni ya uwanja, na ukae ubavuni kwake badala ya kumkabili uso kwa uso. Anza na maneno machache: "Nimefurahi umerudi. Naona siku hizi huna raha. Si lazima uniambie lolote leo, lakini ukitaka kusema, nipo." Akianza kusema, mwache atumie maneno yake mwenyewe, na usimuulize kamwe kwa nini hakutoroka. Akikuomba umtunzie siri, usimwahidi usichoweza kukitimiza. Mwambie kwamba utawaeleza wale tu wanaoweza kumsaidia, na kwamba utamjulisha kwanza ni akina nani. Akishaondoka, andika aliyoyasema kama alivyoyasema, weka tarehe, na usiongeze tafsiri yako. Karatasi hiyo inaweza kumwokoa asihojiwe upya na kila ofisi atakayoingia, na kila mahojiano ya ziada humrudisha kulekule alikotoka.

Baada ya hapo, toa taarifa. Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake, na kwa kawaida mlango wake ni Afisa Ustawi wa Jamii, ambaye atashirikiana na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Ipo pia kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto iliyoundwa chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, lakini kama mjumbe wake ni ndugu au jirani wa karibu wa yule mama, usipitie huko. Nenda moja kwa moja wilayani. Usimkabili yule mama, wala usiitishe kikao cha kumpatanisha na wazazi. Wazazi wengi huwaruhusu watoto wao kwa nia njema na hawastahili kuaibishwa mbele ya kijiji, ila kama walipokea fedha, mazungumzo hayo ni ya ustawi wa jamii.

Uliza vilevile kama alichaguliwa kuingia kidato cha kwanza, kwani waraka wa elimu wa mwaka 2021 umefungua njia ya kuwarejesha shuleni wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali. Mwakani, kuweni macho baada ya mtihani wa Septemba. Kati ya mtihani huo na Januari mtoto hana shule wala kazi, nyumba nyingi zinahangaika na korosho, na atafutaye wasichana wa kazi anajua wakati wa kubisha hodi.

SWALI: Ni muuguzi katika kituo cha afya wilayani Nachingwea. Mara nyingine huletwa kijana mdogo au binti mwenye jeraha la siku nyingi, ameandamana na mtu anayejiita mjomba ambaye hujibu kila swali kwa niaba yake. Nitawatenganishaje bila kuzua tafrani, na je, nisubiri PF3, ile fomu ya polisi, kabla ya kumhudumia?

JIBU: Dada muuguzi, matibabu ya dharura hayasubiri fomu ya polisi. Mtibu kwanza, fomu itafuata. Kama kuna dalili ya ukatili wa kingono, saa zina thamani kubwa: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72 na hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema, na kinga ya dharura ya mimba hutolewa ndani ya saa 120.

Kuhusu kuwatenganisha, tumia taratibu za kawaida za kituo. Mgonjwa hupimwa uzito, hutoa mkojo kwa ajili ya maabara, huvuliwa shati akaguliwe kidonda, na hakuna kati ya hayo linalomhitaji mjomba chumbani. Mwelekeze kwenye usajili au foleni ya dawa, kwa sauti ileile unayoitumia kwa kila mtu. Mkibaki wawili, uliza mambo mepesi: "Unaishi wapi sasa? Unaishi na nani? Ukitoka hapa unarudi wapi? Kuna mtu unayemwogopa?" Mtoto asiyejua jina la kijiji anacholala, au anayetazama mlango kabla ya kujibu, amekwisha kukuambia kitu. Ikiwa Kiswahili chake ni kidogo, kwa mfano amezoea Kimakonde au Kimakua, au amevuka Ruvuma kutoka Msumbiji, mkalimani asiwe yule aliyemleta, hata kama ni yeye peke yake aliyejitolea.

Tafadhali msiwasahau wavulana. Tumezoea kumwazia msichana wa kazi za ndani, ilhali wapo wavulana wanaopelekwa kuchunga ng'ombe wa watu porini, kuvuta nyavu kwenye madago ya wavuvi au kuchimba madini, na majeraha yao huandikwa kuwa ajali za kazi bila mtu kuuliza mtoto alifikaje kwenye kazi hiyo.

SWALI: Nafanya kazi ya ustawi wa jamii mkoani Lindi. Tumepata nafasi ya kuendesha mafunzo ya siku mbili kwa polisi, walimu, wahudumu wa afya na watendaji wa kata. Tuweke nini katika ratiba, na tuache nini?

JIBU: Punguzeni mihadhara. Fafanuzi za sheria zitoshe asubuhi moja, kisha muda uliobaki washiriki wafanye kazi. Chukueni kisa kimoja cha kubuni kinachofanana na ya kwenu, mathalani kijana wa miaka 15 kutoka Liwale aliyekutwa Kilwa akiwa na homa, hana ndugu na hataki kurudi kwao, halafu mkifuate kisa hicho saa kwa saa. Nani anampokea saa mbili usiku? Analala wapi? Nani analipia chakula chake? Polisi akimaliza kuandika maelezo, anampigia nani, kwa namba ipi? Mtagundua kwamba kila mshiriki anaijua ofisi yake vizuri na hajui kinachotokea mtoto akishavuka mlango kwenda ofisi inayofuata. Kwa maoni yangu huko ndiko watoto wanakopotelea, na mafunzo yasiyogusa mpito huo yatawapa watu vyeti na kumwacha mtoto pale alipokuwa.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga siku ya pili, kila mshiriki awe amemjua kwa sura mtu wa kila idara atakayemhitaji, na awe na namba yake. Walezi wa kuaminika, zile familia zilizoandaliwa kumpokea mtoto kwa muda, nao waalikwe, kwa sababu ndio watakaobaki naye usiku anapoamka akilia. Wao wanahitaji kujua kwamba mtoto anayeficha ugali chini ya mto si mwizi.

Zoezi la mahojiano lifanyike kwa vitendo, askari mmoja akiwa mtoto na mwingine akiwa afisa, kisha aliyekuwa mtoto aseme alijisikiaje alipoulizwa jambo moja mara tatu. Wapelelezi wafundishwe kwamba makosa ambayo mtoto alilazimishwa kuyafanya, kama kuomba, kuuza mwili au kuvuka mpaka bila hati, yasiwe sababu ya kumweka mahabusu. Jambo moja nawasihi mliache kabisa: msimlete manusura mdogo kusimama mbele ya ukumbi na kusimulia yaliyompata. Machozi ya washiriki si kipimo cha mafunzo, na mtoto huyo atarudi nyumbani na mzigo aliokuwa ameanza kuutua. Kama mnahitaji sauti ya manusura, mshirikisheni mtu mzima aliyekwisha kupona, mwenye hiari, mlipe kama mnavyowalipa wakufunzi wengine, na achague mwenyewe cha kusema na cha kunyamazia.

Tengeni pia kikao cha marejeo baada ya miezi michache, kila mmoja alete kisa alichokutana nacho, bila majina. Wahudumu nao huelemewa, na wanaozungumza na wenzao hawaelemewi sana kama wanaonyamaza.

SWALI: Mimi ni kondakta wa basi linalotoka Masasi. Nikiona mtu mzima amepanda na watoto watatu au wanne ambao hawajuani naye, nishushe abiria?

JIBU: Ndugu kondakta, usimshushe mtu wala usimtuhumu mbele ya abiria, kwa sababu ukikosea umemdhalilisha mzazi, na ukipatia umemshtua mhalifu naye atashuka na watoto kituo kinachofuata. Zungumza na watoto kwa kawaida wakati wa kuchimba dawa: wanakwenda kwa nani, wanasoma shule gani, yule wanayesafiri naye wanamwitaje. Majibu yasipoeleweka, piga simu namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, ambayo ni bure na hupokelewa usiku na mchana. Taja namba ya basi, lilipo sasa, stendi inayofuata na saa mtakayofika, ili polisi na ustawi wa jamii wawe wamekwisha kufika hapo kabla yenu.